Njaa ya Udongo

Nyambura mwanangu,

Saa hii uko Skuta kumuaga cucu wako, mama wa baba yako, na mimi nimebaki na begi lako hapa kitandani. Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Mambo ya blanketi na sabuni sitaandika. Unajua kujitunza kuliko nilivyojua mimi nikiwa na miaka yako, maana nikiwa na miaka yako nilikuwa tayari nimekubeba mgongoni.

Naandika kwa Kiswahili, usishangae. Shule niliiachia darasa la nne na Kiswahili changu kinakwama kama gari kwenye matope ya Aprili, lakini maneno haya kwa lugha yetu yana haya nyingi, mdomo unakataa. Kwa Kiswahili naona kama ni mtu mwingine anayesema. Tena mwenyewe niliyapata kwa Kiswahili, kwa muuguzi mmoja Mmeru, na sijawahi kuyatafsiri.

Nataka kukuuliza juu ya ukuta.

Ukuta wa jikoni, upande wa nyuma, pale kuku wanapolala. Nilikwenda kutafuta mayai nikaona udongo umekwanguliwa, mpya, bado mwekundu. Nilifikiri ni panya. Lakini panya hana kucha pana namna hiyo, na panya hachagui pale palipo laini peke yake. Nikachukua matope nikaziba, nikanyamaza. Baada ya siku chache nikakuta umekwanguliwa tena, chini zaidi, kwenye kona ambapo mtu akichuchumaa haonekani kutoka nyumba ya Mama Gathoni.

Tangu siku hiyo nakuangalia. Naangalia kucha zako. Naangalia vile unalala mchana, wewe ambaye ulikuwa hutulii. Juzi ulipoinama nikutoe uchafu kwenye jicho, haukuwa uchafu niliokuwa nautafuta. Nilitaka kuona ndani ya kope. Ni kweupe, Nyambura. Kweupe kabisa, kama karatasi hii.

Na Mama Gathoni alikuona, hata kama ulijificha. Alikuja akasimama kwenye ua na kikapu chake. Akaniambia, "Mama Nyambura, huyo mwalimu wako nimemwona akiramba ukuta. Sasa anaenda Mwea kufundisha ama anaenda kuzaa?"

Nikamwambia, "Wewe na macho yako, si uende ukaangalie ng'ombe."

"Ng'ombe wangu hali nyumba, mama!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Chemsha uji. Utakuwa cucu na jino hata moja halijatoka."

Nilicheka pia ili aende. Alipoenda nilishika nguzo ya boma la ng'ombe, nikakaa hapo.

Unajua vile watu wa hapa wako. Msichana akionekana na udongo mdomoni, hakuna anayeuliza mara mbili. Wanahesabu miezi. Na wewe unajua, ndiyo sababu unajificha na kuku. Na mama hamuulizi binti yake mambo ya tumbo, hiyo ni kazi ya cucu, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo leo nilikutuma Skuta. Nilisema ni kuaga, lakini nilikuwa natumaini cucu akuulize. Ulipopotea kwenye kona ya barabara ndipo nilipofikiri vizuri, nikajuta. Kwa sababu najua cucu akisikia una hamu ya udongo atafanya nini. Hatakugombeza. Atainuka, aende kwenye sanduku lake, akupe ule mweupe mzuri wa sokoni, na akwambie ule taratibu usije ukakwama kooni.

Najua kwa sababu mimi alinipa.

Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka nyumba yetu ya kwanza kule Mwea kwenye mpunga. Baba yako alikuwa amepata shamba, na mtu aliyekuwa hana hata mahali pa kufunga mbuzi akipata shamba hulala akicheka. Tulitoka kwenye baridi hii ya mlima tukateremka kwenye joto, mbu na maji kila mahali. Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Nilikuwa bado msichana, niko na bwana wangu, niko na mtoto wangu, niko na mpunga wangu unaofika magotini.

Baba yako aliuza mbuzi akaninunulia buti za mpira, nyeusi, zinang'aa. Wanawake wote walikuja kuziona. Ukiingia nazo kwenye matope ya mpunga zinanyonywa, unatoa mguu, buti inabaki. Halafu nilizionea huruma. Nikaziosha, nikazipaka mafuta, nikaziweka chini ya kitanda. Nilizivaa Jumapili. Ndiyo, cheka. Nilikuwa nakwenda kanisani na gauni la maua na buti za shamba, na shambani nakwenda miguu mitupu.

Choo kilikuwa mbali, ng'ambo ya mfereji, na njia yake ilipita mbele ya wanaume waliokuwa wakikaa kutengeneza majembe. Sisi wanawake tuliona haya. Kulikuwa na migomba nyuma ya nyumba, kivuli kizuri, ardhi laini yenye unyevu. Tulikuwa tunakwenda hapo asubuhi, kila mmoja na mgomba wake, tunasalimiana kabisa. Ukitoka hapo unakwenda zako shambani. Hakuna aliyefikiri kitu. Mvua inanyesha, majani yanaoza, nani ataona?

Kwanza ilikuwa ni kuwashwa. Hapa katikati ya vidole vya miguu, vipele vidogo vidogo, unajikuna mpaka maji yanatoka. Tuliita maua ya matope. Mwanamke mgeni akianza kujikuna, wenzake walimcheka: sasa umekuwa mtu wa Mwea, umeonjwa na shamba. Hata mimi nilicheka nilipoonjwa. Kuwashwa kukaisha. Kikaja kikohozi kikavu, nikasema ni vumbi la pumba. Kikaisha pia. Nikakaa vizuri, nikasahau.

Halafu nikashika mimba, na ndiyo njaa ikaja.

Sijui kama yako iko hivyo. Yangu ilianza na mvua. Tone la kwanza likianguka kwenye vumbi, ile harufu, mate yalikuwa yananijaa mpaka naona aibu. Chakula hapana, nyama hapana. Udongo. Nilikuwa naamka nikiufikiria kama mtu anavyomfikiria mpenzi. Nilikwangua ukuta wa nyumba yetu kutoka ndani, nikatundika kalenda mahali pale. Baba yako alipoiona kalenda iko chini namna ile aliuliza, "Hii ni ya kuku wasome tarehe?" Nikamwambia ukweli. Akafurahi! Akawaambia majirani. Wanawake wakaja wakanipigia vigelegele, kwa sababu mimba yako wewe haikuniletea hamu yoyote, na walikuwa wananiona kama mtu asiye kamili. "Sasa ndiyo uko na mtoto," waliniambia. "Huyo ni kijana. Anaomba shamba lake akiwa bado ndani."

Cucu wako akasikia huku Nyeri. Alinipenda sana cucu, na bado ananipenda. Akanitumia kifurushi cha udongo mweupe kwa mtu aliyekuwa anateremka, umefungwa kwa kitambaa safi cha meza, na neno kwamba usile wa ukuta, mjukuu wangu si mchwa. Nilikula nikamaliza. Akatuma mwingine. Nilikuwa nakula nikimshukuru, na miguu inavimba, na nikisimama dunia inazunguka, na moyo unapiga masikioni kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Wanawake wakasema mtoto ni mkubwa, anakunywa nguvu zako, mwache anywe.

Alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa kijana kweli. Alikuwa mdogo hata kulia kwake kulikuwa kama paka aliyefungiwa mbali. Nilimshika. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu kama vyako. Hakuiona jioni.

Mimi walinibeba kwa gari la kubebea mpunga mpaka hospitali, juu ya magunia. Nakumbuka baba yako akinipiga kofi dogo shavuni akisema, "Usilale, usilale, wewe, nani atamsuka Nyambura?" Hospitali walisema hakuna damu humu, huyu mtu anatembea na maji. Baba yako, unajua vile anaogopa sindano, alitoa mkono wake akageuza uso ukutani. Damu niliyo nayo, nyingine ni yake. Siku zile tukigombana sana mimi na yeye, huwa naikumbuka, nanyamaza.

Huyo muuguzi Mmeru ndiye aliyenifungua macho, na hakunibembeleza. Alinikuta nimeficha kipande cha udongo chini ya mto. Mtoto ameshazikwa, na mimi bado natafuna. Akakichukua, akakiangalia.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Ni ya mtoto," nikamwambia.

"Mtoto hayuko na hamu bado iko. Sasa nani anaomba?"

Akakaa kitandani, akafunua blanketi, akashika mguu wangu. "Unavaa viatu shambani?"

"Viatu ni vya kanisani."

"Basi Mungu ameona viatu," akasema, "na minyoo wameona miguu."

Halafu akaanza kunieleza, kidole chake kikitembea juu ya mwili wangu, na mpaka leo nikilala nakisikia kile kidole. Alisema ni minyoo wa safura. Wanaanguliwa kwenye ardhi yenye kivuli na unyevu, pale watu wanapojisaidia. Hawana macho, lakini umande ukishuka wanapanda juu ya majani na chembe za udongo, wanasimama wima, wanayumba yumba, wanangoja joto la mguu. Mguu ukipita wanashika. Wanapita kwenye ngozi laini hapa kati ya vidole. Hayo ndiyo maua ya matope. Wakishaingia kwenye damu wanabebwa, wanapita kwenye moyo, wanafika kwenye mapafu, na huko wanatoboa, wanapanda shingoni na makohozi. Ukikohoa unawameza. Mwenyewe! Unameza kama mate. Sasa wamefika walikokuwa wanakwenda tangu mwanzo, kwenye utumbo, na wanauma na kuning'inia wakinywa damu. Mmoja anakunywa hapa, akichoka anaachia, anahamia pale, na pale alipotoka panabaki panavuja.

Nilimuuliza, kwa nini sikusikia maumivu? Akasema, kwa nini akuumize? Ukisikia utamtafuta. Mnyoo huyu hana haraka ya kukuua. Anaweza kukaa na wewe miaka, mkila pamoja.

Na akasema neno moja ambalo sikulisahau. Alisema hawazaani ndani yangu wakajaa. Mayai lazima yatoke nje, yaanguke kwenye udongo, yaanze upya. Kila mmoja aliye tumboni mwangu aliingia peke yake, kwa mguu wangu, siku fulani nilipokuwa nimekwenda kwenye migomba. Na mayai yangu niliyaacha pale, na jirani akayakanyaga. Wale wanawake waliokuja kunipigia vigelegele, mimi niliwapa minyoo wangu, na wao wakanipa wa kwao.

"Na udongo?" nikauliza.

"Damu ikiisha, mtu anatamani vitu visivyo chakula. Hatujui sawasawa ni kwa nini. Lakini mtoto wako alikuwa anaomba damu, mama, na wewe ulimpa ukuta."

Nilimchukia siku ile. Nikageuka. Lakini dawa aliyonipa niliinywa, chungu, ya kukaa bila kula na kichwa kinazunguka, halafu vidonge vya kuongeza damu, vinafanya choo kuwa cheusi. Na asubuhi moja mvua ilinyesha, nikasikia ile harufu ikipita dirishani. Nikangoja mate yaje. Hayakuja. Nililia hapo kuliko nilivyolia kwenye kaburi. Kumbe haikuwa ya mtoto hata siku moja.

Nilipopata nguvu tulirudi huku juu mimi na wewe, baba yako akabaki na shamba. Cucu alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kijana wake alikufa na nini. Nikamwangalia. Kwenye kona kulikuwa na kifurushi kingine, alikuwa amekiweka tayari kunitumia.

Nikamwambia ni homa.

Ningesema nini, Nyambura? Mama wa bwana wangu, mtu aliyenitunza, wewe una jina lake. Kumwambia udongo wako ulinifunika macho nikiwa nakufa? Nilisema moyoni, hili litakaa kwangu, hatakufa kwa uchungu kwa sababu yangu. Nikaona nimefanya wema. Na ulikuwa wema, kwake. Lakini nilipolificha kwake nililificha kwako pia, kwa sababu ninyi wawili mnakaa kitanda kimoja mkisimuliana. Kila likizo ulikuwa unateremka kwa baba yako kufukuza ndege kwenye mpunga. Nilikuwa nakwambia vaa viatu, na wewe unaniambia, "Maitu, viatu vitaharibika," nami nikisikia mimi mwenyewe nikisema kwa mdomo wako. Na bado sikukueleza kwa nini. Nilisema vaa viatu kama mama yeyote anavyosema vaa sweta.

Sasa nisikilize. Mimi sijui kama una mimba. Sitakuuliza. Kama iko, iko, na mtoto huyo ni wa nyumba hii, na hakuna mtu atakayekufukuza nikiwa nimesimama. Baba yako atapiga kelele siku mbili halafu ataanza kutafuta jina. Kama haiko, watu wasikutishe kwa mdomo wao ukafa ukiona haya ya kitu ambacho hukufanya. Na inaweza kuwa yote mawili kwa pamoja, kama mimi. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi. Mimi waliniona na udongo wakafurahi, nikaachwa. Wewe wamekuona na udongo wakacheka, unajificha. Minyoo hawajali kama watu wanafurahi au wanacheka. Wao wanataka tu kunyamaza kwetu.

Najua kazi hii umeipigania. Najua mwalimu mkuu alisema usipofika Jumatatu kuna mwingine anangoja mlangoni. Nilijivunia hata nikawaambia watu nisiowajua kule Kiganjo, nikiuza viazi, kwamba binti yangu anakwenda kushika chaki. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuiweka chini ya nguo zako, uisome ukifika, halafu utafute hospitali huko huko ukipata nafasi. Ndivyo nilivyopanga. Hata ukurasa uliotangulia nilikuwa bado nimepanga hivyo.

Mvua imekatika. Nimeinua kichwa, nakuona dirishani. Umefika pale chini njia inapoanza kupanda kutoka barabarani. Umesimama. Umeshika mti wa ua wa watu. Watoto wa shule wamekupita wakikimbia, na mzee wa maziwa na baiskeli yake amekupita akisukuma, amekusalimia na hukuinua mkono. Sasa umetembea kidogo. Umesimama tena. Mlima wenyewe ni huu mdogo ulikuwa unaupanda na debe kichwani ukiimba.

Umekaa chini, Nyambura. Kwenye nyasi zilizolowa, na nguo yako nzuri.

Basi barua hii haiingii kwenye begi. Utaisoma leo, nikiwa nimekaa karibu nawe, na ukifika mahali pa kuona haya niangalie, nitakuwa naangalia moto. Kesho basi la Karatina, lile la kukupeleka Mwea, liende na watu wake. Sisi tunakwenda hospitali asubuhi, na mimi nitamwambia daktari kwanza, kwa mdomo wangu, nilikula udongo na mtoto wangu anakula udongo, tuangalie. Jumapili nitakwenda Skuta kumwambia cucu kijana wake alikufa na nini. Kazi ikipotea nitauza viazi mpaka nyingine ionekane. Shule ni nyingi.

Usiinuke. Kaa hapo hapo, nakuja kukushika mkono.

Mama yako